Mseveze Jike

Nilikuwa na pua. Sisemi kwa majivuno, maana majivuno yangu yameshakwisha, lakini katika milima hii ya juu ya Rudewa hakuna aliyenishinda kuujua mti kwa kuunusa. Unachanja gome kwa ncha ya panga, unabandua kipande kidogo kama kucha, unakipeleka puani. Majani hudanganya, kwa sababu huku kwetu yako juu mno na ukiyatazama kutoka chini yote yanafanana. Harufu haidanganyi.

Kwa ajili ya pua hiyo watu wa chuo kikuu walinichukua miaka ishirini na nane iliyopita. Jina langu ni Theodory, ila katika karatasi zao niliandikwa "mtambua miti", na mke wangu Selestina akawa anatangaza kwa majirani kwamba mumewe kapata cheo cha mbwa. Tulikuwa na ploti tatu za kuhesabia miti, kila moja hekta moja. Ya kwanza iko tambarare, upande wa Mikumi, kwenye miombo, kwenye jua kali na miezi sita bila tone la mvua. Humo nilihesabu aina ishirini na moja za miti. Ya pili iko katikati ya mteremko, na ina aina arobaini na nane. Ya tatu iko juu kabisa, mgongoni mwa mlima, ambako ukungu ulikuwa ukilala mpaka saa nne asubuhi. Humo nilihesabu aina themanini na tatu.

Profesa wao alinieleza kwa nini. Mvua nyingi, ubaridi, na milima ambayo ilibaki na unyevu zama zote ambazo kwingine kulikauka. Nikamwambia bibi yangu alilijua hilo kwa kuokota kuni tu. Akacheka, akaliandika. Lakini kuna jambo alinifundisha yeye, na afadhali asingenifundisha. Kule chini aina ni chache, ila kila aina ina jamaa wengi. Ukikata mninga mmoja, mwingine uko ng'ambo ya korongo. Huku juu aina ni nyingi, ila kila moja ina miti michache, na mingine haipo kilima kingine chochote. Huku juu mtu anaweza kumaliza ukoo mzima asubuhi moja, kisha akaenda kunywa chai.

Mseveze ulikuwa mti wa namna hiyo. Gome lake la kijivu, utomvu wake mweupe kama maji, ukiutazama utasema ni mlembwe, mti wa kawaida unaoota mteremkoni kule chini. Tofauti yao ni moja. Mseveze ukiuchanja unasikia tangawizi mbichi, halafu nyuma yake harufu ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Mlembwe hauna harufu yoyote. Nimewafundisha hivyo wanafunzi wasio na idadi.

Miseveze sita tuliyoijua ilikuwa kwenye chemchemi nyuma ya mwamba. Chemchemi ilipokufa, nayo ikafa, mmoja baada ya mwingine. Ukabaki mmoja tu, wa saba, ndani ya ploti ya tatu, wenye kibati namba 412. Na mseveze, kama mpapai, una dume na jike. Huo wa kibati ulikuwa dume.

Angela, binti aliyerithi kazi ya profesa, alikuja kila kiangazi na ombi lilelile. "Shikamoo babu. Tutafute jike. Hata mmoja tu." Alikuwa na mpango wake: matunda yakiiva mwezi wa kumi, achukue mbegu, aoteshe miche, aipeleke kwenye mlima mrefu zaidi wenye ubaridi uliobaki. Huku kwetu joto linapanda, na miti ya chini inapanda nalo. Kila tulipohesabu tulikuta mlembwe umesogea juu kidogo. Miti ya juu haina pa kusogea, juu yake kuna hewa tu. "Bila jike, babu, mti huu umeshakufa, ni vile haujaanguka," alisema Angela. Nikamwahidi kwamba kama jike yupo katika milima hii, nitampata mimi.

Nilimwahidi hivyo nikiwa sina pua.

Iliondoka mwaka ule wa barakoa. Niliumwa siku tisa, nikapona kila kitu isipokuwa hicho. Selestina aligundua siku maharage yalipoungua mimi nimekaa palepale jikoni, nikiota moto. Akaniambia niwaambie watu wa chuo. Nikamjibu kwa ukali kwamba itarudi. Haikurudi. Mtambua miti asiyenusa ni mzee tu mwenye panga, na mimi sikutaka kuwa mzee tu mwenye panga. Basi nikajifunza ujanja. Nilikuwa nachanja gome, nalipeleka puani, nafumba macho kidogo, kisha nampa Angela. "Haya mwanafunzi, unasikia nini?" Yeye anasema, mimi naitikia kwa kichwa kama mwalimu. Tulienda hivyo miaka mitatu, na kila mara alinishukuru kwa kumfundisha.

Alipokuwa hayupo, nilitembea peke yangu kumtafuta jike. Nilichanja mamia ya magome ya kijivu. Yote yalikuwa milembwe. Sikukumbuka, mjinga mimi, kwamba kwa pua iliyokufa kila mti ni mlembwe.

Mwaka jana mwezi wa sita, kigango chetu, kanisa dogo la kijiji, kiliomba mbao za mabenchi. Ya zamani yalikuwa yameliwa na mchwa, mtu akipiga magoti benchi linavunjika. Kamati ya msitu wa kijiji ikakubali miti minne, kwa sharti moja: iwe ya aina ya kawaida, na achague Theodory. Katekista wetu, Wenceslaus, akaja kunichukua na Brayan, fundi wa chenso, ule msumeno wa injini, kutoka Mikumi. Juu ya mwamba, mahali nilipokuwa sijapita miaka mingi, tulikuta miti minne imesimama pamoja, ya kijivu, imenyooka vizuri.

Nilichanja wa kwanza. Nikanusa. Hakuna kitu.

Hapo ndipo nilipokosea. Ningempa Wenceslaus kile kipande nimwambie, nisaidie, unasikia nini? Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku. Lakini Brayan alikuwa ananitazama, amesikia sifa zangu mpaka Mikumi, na mimi nikaona aibu. Nikakitupa chini. Sikuhangaika hata kuchanja ile mitatu.

"Mlembwe," nikasema. "Kateni." Nikashuka kwenda kupalilia njegere.

Mabenchi yalibarikiwa sikukuu ya Kupalizwa, katikati ya mwezi wa nane. Padre alipanda kwa pikipiki kutoka Kilosa. Kabla hata ya wimbo wa mwanzo niliona watu wanageuzageuza vichwa, wanavuta pumzi, wanatabasamu. Mama mmoja aliinama akanusa benchi la mbele yake. Selestina akanishika mkono.

"Laiti ungesikia," aliniambia kwa sauti ya chini. "Kanisa zima linanukia. Mbao gani hizi?"

"Zinanukiaje?"

Akafikiri. "Kama tangawizi. Halafu kama udongo mvua ikianza."

Sikungoja Misa. Nilipanda mlima na suti yangu ya Jumapili, na magoti haya, nikafika juu saa saba. Visiki vinne. Matawi yalikuwa yameachwa pale, yamenyauka, na kwenye matawi ya visiki vitatu kulikuwa na vishada vya matunda, machanga, madogo kama dengu. Kilikuwa kiangazi chao cha kuzaa. Majike watatu. Nilikaa chini nikalia kwa sauti, sina haya kulisema. Kisha nikayachuma yote, tunda kwa tunda, nikayafunga kwenye koti.

Wenceslaus nilimkuta nyumbani kwake nikamuuliza kama siku ile hawakusikia harufu.

"Tulisikia," alisema. "Chenso ilipoingia tu, msitu wote ulinukia. Brayan akauliza, nikamwambia Mzee Theodory ndiye amesema. Nani akubishie wewe?"

Angela alifika baada ya wiki. Sikuweza kumwambia kwa simu; nilimwambia tu aje. Akanisalimu kwa furaha, akadhani nimempata jike. Nikampeleka kanisani, kukiwa kutupu. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi mara moja, na ile furaha ikamtoka usoni. Akaketi kwenye benchi la mwisho, akaweka kiganja juu ya mbao.

"Babu, ulinusa?"

"Nilinusa."

"Ukasikia nini?"

"Sisikii kitu, mwanangu. Tangu mwaka ule wa barakoa."

Nilitamani anitukane.

"Miaka yote ile ulikuwa unaniuliza mimi," alisema. "Ungeniambia tu, babu. Ningekuja kunusa mwenyewe, mti kwa mti. Nina pua nzima."

Yale matunda aliyapasua kwa wembe, moja moja, mezani kwangu. Ndani hamkuwa na kokwa, utando tu uliokauka. Yalikatwa yakiwa yamebakiza miezi minne. Akasema visiki huenda vikachipua, tukavizungushia miiba, nikavimwagia maji kwa ndoo mpaka vuli. Vuli ilikuja kwa siku nne, ikaondoka. Mwezi wa kwanza visiki viliota uyoga.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Mimi nilificha, kifo kikawapitia wengine. Dume lenye kibati bado limesimama, na mwaka huu limetoa maua mengi kuliko nilivyowahi kuona. Nililiona nikiwa nimebeba utepe wa Angela wa kupimia miti. Siku hizi kazi yangu ni kubeba utepe. Katika daftari lake, kando ya jina la mseveze, ameandika idadi: mmoja.

Kanisani nakaa benchi la tatu na Selestina. Kila Jumapili, kabla ya Misa, namwuliza, naye anavuta pumzi kwa ajili yangu, ananieleza. Miezi ya kwanza alisema tangawizi na udongo. Baadaye akasema udongo kidogo, ukikaribia mbao. Jumapili iliyopita aliinama kabisa, akagusisha pua kwenye benchi, akakaa hivyo mpaka watu wakaanza kututazama. Kisha akainuka akatengeneza kitenge chake.

"Leo nasikia ubani tu," alisema.