Jeli ya Verla na Bastola Mbili

Wezi walipovunja nyumba ya jirani mchana kweupe na kuondoka na televisheni pamoja na nyama yote ya friza, Verla Stubblefield alipoteza usingizi. Alikuwa mjane wa miaka sitini na tisa, mpishi mstaafu wa shule, akikaa peke yake nje kidogo ya mji wa Sallisaw, Oklahoma. Baada ya siku tatu aliwaambia wadogo zake kwamba anataka bastola.

Kosa lake ni kuwaambia wote wawili mezani kwa pamoja.

"Bastola ya arobaini na tano," alisema Leland, mkate wa mahindi ungali mdomoni. "Risasi nene kama kidole gumba. Mtu akipigwa nayo, anakaa chini."

"Akipigwa," alidakia Royce, kitinda mimba. "Wewe lini umewahi kulipata hata kopo? Dada, chukua milimita tisa. Haipigi teke sana, inabeba risasi nyingi, na siku hizi inazama sawa tu na hiyo mizinga ya babu."

"Ya kufukuzia kunguru hiyo!"

Ubishi huo ulikuwa na umri wa miaka thelathini. Verla akagonga meza kwa mwiko. "Nyamazeni! Kuna namna ya kujua, au hakuna?"

Ipo, Royce akasema. Mafundi hupiga risasi kwenye bonge la jeli lenye ugumu wa mwili wa mtu, kisha hupima imezama kiasi gani. Basi Ijumaa ndugu hao wakavamia jiko la dada yao. Wakachemsha jelatini, ule unga wa mifupa na ngozi wa kugandishia jeli, mpaka ikafura povu na nyumba nzima ikanuka kwato.

"Kwani mnapika maharage?" Verla aliwafukuza. Akaloweka nyingine kwa maji baridi, akaipasha kwa moto mdogo, akaengua povu, akaimimina katika mabati mawili marefu ya kuokea na kuyasukuma ndani ya friji. Asubuhi jeli ilikuwa safi kama kioo.

Kwenye malisho ya Royce, mbele ya tuta refu la udongo, waliweka mabonge hayo juu ya meza, kila moja limefunikwa kipande cha suruali kuukuu ya jinzi. Leland akapiga la kwanza. Likaruka kama chura. Royce akapiga la pili, nalo likaruka. Verla akashika utepe wake wa kupimia nguo, akapima.

"Ya Leland, inchi kumi na tatu na nusu. Ya Royce, kumi na nne."

"Nimeshinda!"

"Kwa unene wa ukucha! Tundu langu ndilo pana!"

"Sasa nipeni mimi," alisema Verla.

Walimbandikia sahani ya karatasi, umbali wa hatua saba. Kwa bastola ya Leland alipiga mara tano. Sahani ikapata tundu moja, pembeni kabisa, na viganja vyake vyenye baridi yabisi vikawaka moto. Kwa ile ya Royce alipata nne kati ya tano. Akajikuta anacheka peke yake, kicheko ambacho hakukijua tangu wizi ule.

"Jeli yenyewe ilikuwa laini," Leland akanung'unika.

Royce akarudi nyuma hatua mbili.

"Rudia," alisema Verla.

"Nasema tu, dada, labda..."

"Nimelisha watoto mia nne kwa siku, miaka thelathini na moja. Leo wewe, usiyejua kuchemsha yai, ndiye wa kuniambia jeli yangu laini?"

Leland alikwenda zake bila kuaga. Jumatatu Verla alinunua ya milimita tisa, na usiku huo akalala fofofo.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Leland alitokea mlangoni na mfuko wa kokwa za pekani zilizokwisha menywa. Neno samahani halikumtoka. Alikunywa kahawa vikombe viwili, akajikuna shingo.

"Dada, hiyo yako... haiumizi kiganja?"

"Hata kidogo."

"Maana changu nacho siku hizi..." Akachungulia dirishani kama anayewindwa. "Nafikiria kununua moja. Lakini Royce asijue."

"Mimi? Nitamwambiaje?" Verla akamfungia pai ya kwenda nayo, akamsindikiza mpaka kwenye gari, akampungia mkono. Vumbi la gari halijatulia barabarani, tayari alikuwa ameshika simu.

"Royce, mdogo wangu, umekaa? Kaa kwanza."