Koti la Kufukuzia Tumbili

Tumbili hawaogopi wanawake. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilicheka, kisha nikakasirika, na sina hakika kama hasira hiyo imekwisha.

Aliyeniambia ni Pélagie, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale anayelima shamba letu karibu na Rwekubo kwa kugawana mavuno. Letu, yaani langu na la marehemu mume wangu, Hudu. Mimi nauza vitambaa mjini Mbarara. Jembe na mimi hatujuani. Hudu ndiye aliyelipenda shamba lile, na tulimzika humo humo, kwenye kona inayopakana na kichaka. Tangu tumzike, tumbili wakawa wanashuka mchana kweupe kula mahindi. Msimu ule wa kwanza hatukupata hata gunia moja.

Kamaldin, mdogo wake Hudu anayeusemea ukoo, akaja dukani kwangu. Hata kuketi hakuketi.

"Shemeji, shamba inalisha tumbili, sisi haitulishi. Kama hii mahindi nayo inakwisha, tunauza."

"Na kaburi ya ndugu yako?"

Akajifanya anatazama vitambaa. "Mwenye kununua ataweka fensi."

Nikaenda mwenyewe. Niliingia shambani na fimbo, nikapiga kelele mpaka koo likakauka. Tumbili mmoja mkubwa alikuwa ameketi juu ya kaburi la Hudu, anamenya hindi. Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akaendelea kula. Nimetukanwa na wengi sokoni, lakini sijawahi kudharauliwa namna ile.

"Nilikuambia, Mama Mastulah," Pélagie akasema. "Makako inajuaka. Inaogopaka tu banaume. Na mimi bwana yangu alibakia Fizi, kule Congo. Leta nguo ya bwana yako, nitaivaa."

Nguo za Hudu nilikuwa nimezitoa sadaka zote, isipokuwa koti moja la kijani. Hilo nililificha kwa sababu lilikuwa bado na harufu yake, na nilikuwa nikilala nalo. Kumpa Pélagie kuliniuma kama kumzika Hudu mara ya pili.

Pélagie ni mrefu, koti likamkaa sawasawa.

"Sasa unifundishe," akasema. "Alikuwa anatembeaka namna gani?"

Nikamfundisha. Hudu alikuwa akiburuta mguu wa kushoto tangu alipoanguka na boda, na hakufungua mdomo kabla ya kukohoa. Nikatembea kati ya mahindi nikimwigiza mume wangu, Pélagie nyuma yangu, tukacheka mpaka nikajikuta nalia. Kisha akaenda peke yake. Akaburuta mguu, akakohoa. Tumbili wakakimbilia kichakani wakipiga mayowe, na hata mimi niliyemfundisha, moyo ulinipasuka.

Kila niliporudi nilikuta ameiva zaidi. Siku moja alifika mwisho wa mstari, akavunja hindi, akaligonga kwenye goti, akalinusa. Hudu alifanya hivyo maisha yake yote. Mimi sikumfundisha hilo.

"Nani alikuonyesha hiyo?"

"Hiyo nini, Mama?" Akaitazama mikono yake. Akalivua koti palepale, akanirushia. "Chukua. Siivae tena. Inakuwaka muzito, kama kuna mutu ndani."

Nikarudi nalo Mbarara. Sikuthubutu kulala nalo; nililiweka kwenye kiti, nikageukia ukuta. Muda si mrefu Pélagie akashikwa na malaria, akalazwa kambini, kliniki ya Base Camp, na mahindi yakabaki bila mtu. Nilijua yamekwisha, na Kamaldin atauza.

Alipopona tulikutana Rwekubo, tukaenda pamoja kuokota mabaki. Koti nilikuwa nalo kwenye mfuko, nimeamua kulivaa mwenyewe. Tulipofika, mahindi yalikuwa yamesimama yote, makavu, hakuna hata moja lililoguswa. Na mbele ya macho yetu tumbili wakachomoka humo, wakapanda miti ya kichakani wakipiga mayowe yaleyale.

Pélagie akafanya ishara ya msalaba. "Nani iko ndani, Mama? Mimi siingie."

Ningepaswa kuogopa. Nilichoona ni wivu. Mimi mkewe nalala peke yangu tangu afe, hata ndotoni haji, halafu anakuja kujionyesha kwa tumbili!

Nikaingia peke yangu hadi kaburini. "Hudu!" nikaita, kwa sauti ya kugombana. Tumbili walikuwa juu ya miti, wamenyamaza, wananitazama. Nikafikiri, leo hatimaye wananiogopa. Kisha nikaona hawakuwa wakinitazama mimi. Walitazama nyuma ya bega langu, juu kidogo, palipo kichwa cha mtu mrefu akisimama.

Sikugeuka. Asubuhi za baridi nilikuwa nikimshikia koti avae kabla hajatoka kuja shambani. Nikalitoa kwenye mfuko, nikalikung'uta, nikalishika mabegani na kulinyoosha nyuma yangu.

"Mahindi yamepona," nikamwambia. "Hawauzi tena. Vaa basi."

Kisha, taratibu, koti likaanza kuwa zito.