Mnara Ulisimama

Nyumba yangu ina vyumba viwili na mtu mmoja, na kosa ni langu.

Mimi ni Kiprugut, fundi wa vyuma. Mwaka wa 1956 tulimaliza kujenga mnara wa kuhifadhi mahindi hapa Nakuru, kando ya reli, mrefu kama orofa kumi. Mke wangu Chelangat aliuogopa tangu siku ya kwanza.

"Mzee, hiyo kitu yako itatuangukia," alisema. "Ardhi ya hapa inatetemeka kila mara."

"Haianguki." Nikachukua kijiti kibichi, nikakipinda, kikarudi. Kikavu nikakivunja. "Saruji peke yake ni kama hiki kikavu. Ukifunga vyuma ndani, pete za kuvizunguka karibu karibu, jengo linayumba halafu linarudi."

Kwa miaka miwili sikuwa na hadithi nyingine. Pete, nondo, pete. Alinisikiliza, maskini, huku akipoza uji.

Jumapili moja baada ya kanisa tulikuwa jikoni ardhi ilipoanza kunguruma. Sufuria zikaanguka. Nikatoka mbio hadi barabarani kuutazama mnara. Uliyumba upande wa mlima Menengai, ukarudi, ukayumba tena, ukatulia wima bila ufa. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Niliporudi, ukuta wa jikoni, wa mawe matupu bila chuma hata kimoja, ulikuwa chini. Jirani yetu Rahab alikuwa amemtoa Chelangat kwenye kifusi, mkono umevunjika, nywele nyeupe kwa vumbi.

"Hiyo kitu yako imesimama?" akaniuliza.

"Imesimama."

"Haya, vizuri."

Alipofungwa mkono hospitali, akapanda gari moshi kwenda kwa mama yake, Londiani.

Msimamizi wa ujenzi alinisifu mbele ya mafundi wote. Nilifika nyumbani nikakosa wa kumwambia. Nikaujenga upya ule ukuta, nondo kila pembe, pete karibu karibu, miezi miwili peke yangu. Napika, nakula, naosha sahani moja. Upweke unauma, jamani. Mwishowe nikamwandikia Chelangat kwamba ukuta wa jikoni sasa hauwezi kuanguka, arudi.

Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: "Ikitetemeka tena, wewe utakuwa wapi?"

Nimeanza kumjibu mara tatu. Ni rahisi kuandika kwamba nitakuwa naye, lakini Chelangat ananijua.