Alhamisi za Yu Karsini

"Mji wa Salatiga mzima hakuna anayejua kupiga picha ya uso wa mtu kama mimi," Sumirah alipenda kuwaambia wateja, mkono kiunoni. Halafu, kabla hawajatikisa kichwa, mwenyewe anamalizia: "Wenzangu wote wameshakufa, na yule mmoja aliyebaki haoni."

Alikuwa na miaka sabini na moja. Kamera yake ilikuwa ya dijitali, ya mtumba, lakini lenzi ya mbele ilikuwa ileile ya ujana wake, ya chuma, nzito kama mchi, iliyopiga maharusi wa mji mzima enzi za filamu. Pete ya kuziunganisha aliinunua sokoni kwa bei ya bakuli mbili za supu ya soto. Lenzi hiyo ilizungushwa kwa vidole, polepole, mpaka jicho la mtu likae wazi na ukuta wa nyuma uyeyuke kama samli. Ukipitiliza kwa upana wa unywele, jicho linaingia ukungu na sikio ndilo linalotoka wazi.

Alhamisi moja asubuhi akaingia studioni Karsini, wa nyumba ya ng'ambo ya kichochoro.

"Nimekuja kama mteja," akasema. "Usinisalimie."

Walikuwa hawajasemezana miaka kumi na tisa. Sumirah aliwahi kutundika dirishani picha ya Karsini anacheka kinywa wazi, pengo nje. Karsini alimwomba aitoe. Sumirah, kwa utani wake, akaiacha mwezi mzima. Tangu hapo kila mmoja akifagia mlango wake, mwenzake anaingia ndani.

"Mwanangu ananichukua nikaishi kwake Balikpapan, ng'ambo ya bahari," Karsini akaendelea, akitazama dari. "Nyumba imeshauzwa. Marehemu mume wangu ulimpiga kwa lenzi hiyo, kwenye kiti hicho. Nataka yangu ifanane na yake. Sitaki kuning'inia ukutani kando ya mume wangu kama mgeni. Picha ikitoka tu, naondoka."

Sumirah akaweka jicho kwenye kamera. Vidole vikazunguka, jicho la Karsini likaja wazi kabisa, kahawia, lenye uchovu kidogo pembeni. Miaka kumi na tisa hakuwa amelitazama kwa karibu hivyo. Ikitoka tu, anaondoka. Basi vidole vikasogea mbele kidogo, kama vya mtu mwingine, naye akabonyeza.

"Lo! Ukungu," akasema, akimwita Yu, yaani dada kwa Kijava, kama zamani. "Lenzi imezeeka, Yu. Na mwanga wa dirishani umeshahama. Rudi Alhamisi ijayo."

"Umezeeka wewe, usiisingizie lenzi."

Lakini alirudi. Alhamisi ya pili alikuja na tempe, vipande vya soya vya kukaanga, kwenye jani la mgomba, akadai imebaki nyumbani, ingawa ilikuwa bado inatoa moshi. Ya tatu walicheka mpaka Karsini akalegeza mkanda wa kaini, kitambaa chake cha kujifunga kiunoni. Wakipiga soga hivyo, Sumirah alikuwa akibonyeza bonyeza, "napima mwanga tu," halafu ukifika wakati wa picha yenyewe, ukungu. Usiku alijisuta. Asubuhi alijisamehe. Wiki moja tu zaidi, alijiambia, baada ya kutupa miaka yote ile kwa ajili ya pengo la mtu.

Alhamisi ya nne Karsini aliingia bila tempe. Akaketi kitini na mkoba wake mapajani.

"Una nini, Yu?"

"Jumapili walimfanyia mkwe wangu sherehe ya mimba ya miezi saba. Mimi ndiye niliyetakiwa kummwagia maji ya maua kwanza. Nimeahirisha safari mara mbili kusubiri picha hii. Kammwagia jirani. Mtu hata jina lake silijui."

 Hilo Sumirah hakulifikiria hata kidogo. Alifikiria kichochoro chake, kiti chake, Alhamisi zake.

"Kaa sawa," akasema kwa sauti ndogo. "Leo inatoka."

Na kweli alikusudia. Lakini machozi hayajui kusubiri. Akazungusha, akarudisha, akabonyeza. Ukungu. Tena. Ukungu. Mara hii wala hakuwa anafanya makusudi, na nani angemwamini?

"Lenzi hii, Yu, lenzi hii..." Akaiweka kamera mezani, akakimbilia jikoni kunawa uso.

Aliporudi, Karsini alikuwa ameishika kamera. Enzi za filamu mteja aliona alichopewa, basi, na kichwani mwa Sumirah enzi hizo hazikuwa zimeisha. Haikumpitia akilini hata siku moja kwamba kidole gumba cha mteja kinaweza kurudi nyuma, picha baada ya picha, mpaka Alhamisi ya kwanza.

"Hapa nakula tempe," Karsini akasema taratibu. "Chembe za chumvi mdomoni nazihesabu. Hapa nacheka. Hapa nafuta miwani. Zote kali kama wembe. Alhamisi zote, Yu. Ila zile nilizokaa sawa, sikio tu."

Sumirah akakausha mikono ambayo ilikuwa imekwisha kukauka.

"Kwa hiyo mjukuu wangu kamwagiwa maji na jirani kwa sababu ya sikio?"

Hapo ndipo angesema: sikutaka uondoke. Maneno yalikuwa tayari, yamepanga mstari. Lakini mdomo wake ulikuwa umezoea njia nyingine.

"Hizo sikupiga mimi," akasema. "Ni mpwa wangu wa kiume, Bagyo. Alipita hapa, si unajua vijana, macho yao mazima. Mimi nilikuwa jikoni."

Karsini akaiinamia tena kamera. Wajukuu walishamfundisha kwenye simu namna ya kukuza picha. Akabonyeza kitufe, uso ukakua. Akabonyeza tena, jicho moja likajaa skrini nzima, kope kwa kope. Akabonyeza tena. Kisha akageuza kamera na kumsogezea Sumirah usoni.

Ndani ya mboni, mdogo kama punje ya mchele lakini wazi kabisa, alisimama bibi mmoja fundo la nywele utosini, kamera jichoni.

"Mpwa wako," Karsini akauliza, "siku hizi anafunga nywele fundo?"