Cherehani Ilipoanza Mapema

Mume wangu aliponiambia anataka kubatizwa, nilikuwa na pini nne mdomoni, nikashindwa kujibu. Labda ilikuwa heri. Miaka ishirini na nane alikuwa ananisindikiza kanisani hadi getini tu, kisha anakaa kwenye benchi la nje na gazeti lake. Vipaza sauti vya kanisa vikiharibika huvitengeneza bure, maana ni fundi redio, lakini akimaliza anatoka. Mahubiri yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Mchungaji alifurahi kupita kiasi. Akaniomba Jumapili nisimame mbele ya watu, mimi ninayemjua kuliko wote, nithibitishe kuwa imani yake ni ya kweli.

"Na utuambie imetoka wapi, mama," alisema. "Watu watapenda kusikia."

Hapo roho iliniuma, kwa sababu mimi mwenyewe imani ilikuwa imenitoka. Tangu tumzike mdogo wangu, miaka miwili sasa, nilikuwa naenda kanisani kama mtu anayemtembelea mama mkwe: nimevaa vizuri, nimenyamaza, nasubiri saa ya kuondoka. Sikumwambia mtu. Kudanganya mbele ya kanisa zima sikuwa tayari, na kumnyima mwenzangu ubatizo kwa ajili yangu pia sikuwa na uso huo.

Nikaanza kumchunguza. Jumatatu, akinywa chai, nilimuuliza kama ameota.

"Mimi nikilala nalala," akasema.

Jumanne nikamuuliza kama anaumwa na ananificha. Akacheka. Jumatano nikapekua kisanduku chake cha vifaa, nikakuta waya, betri kuukuu na miwani yangu niliyoitafuta mwezi mzima.

Moyoni nilitumaini ni sala zangu. Zamani, kila asubuhi kabla ya kukanyaga cherehani, nilikuwa namwombea kwa sauti, yeye akinyoa ndevu chumba cha pili. Kama hizo ndizo zilizofanya kazi, basi kuna aliyesikia. Nilitamani sana iwe hivyo.

Ijumaa nilimfuata kibandani kwake. Alikuwa ameifungua redio ya mteja, ameitegea sikio.

"Mzee, niambie ukweli. Ni sala zangu?"

Akaizima redio. "Hapana, mama watoto. Ni ulipoacha."

Nikavuta kigoda cha wateja, nikaketi.

"Ulidhani sijui?" akasema. "Kazi yangu ni kusikiliza kilichokatika. Cherehani ilikuwa inaanza saa kumi na mbili na robo. Siku moja ikaanza saa kumi na mbili kamili. Kesho yake vilevile. Nikajua siombewi tena."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza kama nani? Sikuwa na dini. Lakini nilikuona unavyoisha, nikaona haya kukaa kimya. Maneno yako nayajua yote, nimeyasikia tangu tuoane. Nikaanza kuyasema mwenyewe, kimoyomoyo, wembe mkononi. Nikabadilisha jina tu, nikaweka lako."

"Bila kuamini?"

"Mwanzoni sikujua naongea na nani. Nilikuwa nakuombea tu. Imani ilikuja baadaye, na siku yenyewe siijui. Ila asubuhi moja niligundua kwamba nasubiri jibu."

Nililia palepale, wala sikujificha. Akanipa kitambaa anachofutia redio, nikatoka pale na uso mweusi kuliko nilivyoingia.

Jumapili mchungaji aliponiuliza imani ya mume wangu imetoka wapi, nilisema ilianza nilipoacha kuomba. Mchungaji akatazama viatu vyake.

"Yake ni ya kweli, nathibitisha," nikasema. "Yangu muulizeni yeye."

Wakambatiza. Niliporudi kukaa, hakuna aliyenisogelea wala kunikimbia, na nilishukuru kwa hilo.

Jumatatu niliketi kwenye cherehani saa kumi na mbili kamili, nguo ya mteja tayari chini ya sindano. Chumba cha pili maji yalimwagika kwenye beseni, kisha nikamsikia anaanza, safari hii kwa sauti. Aliyasema maneno yangu yote, hata pale nilipozoea kukosea. Nikauondoa mguu kwenye pedeli. Alipofika kwenye jina langu, nikaweka la kwake.

Cherehani ilianza saa kumi na mbili na robo.