Salamu ku Kitu ya mu Shimo

Mimi Hadassa hasira yangu haikae mbali, donc niseme mapema: batu ya kwetu hapana kustahili kuogopeshwa.

Nilikaa miezi tano natengeneza muchezo ku ordinateur, ile kompyuta. Hauna picha, ni maandishi tu. Machine inakuambia uko wapi, unaandika unataka kufanya nini, inakujibu. Uko mukulima, shimo imejifungua mu shamba yako, unashuka. Chini kabisa kuko Kitu. Ilikuwako mbele nyota hazijazaliwa, haina mwanzo wala mwisho, inakuangalia, na unaelewa kama mbele yake wewe si kitu. Dakika kumi na tano imeisha. Unapaswa kurudi nyumbani unatetemeka.

Onésime, directeur wa centre ya informatique kwenye natumika kazi ya fotokopi hapa Butembo, aliujaribu akakuna ndevu.

"Tafuta bachezaji kumi," alisema. "Kila mutu aandike mawazo yake mu cahier, daftari moja. Kama moja tu ameogopa mbele saa sita ya samedi, jumamosi, haijapiga, utaacha fotokopi, nitakupa salle ya kufundishia bijana mambo haya. Kama hapana, utarudi ku machine yako na hatutaongea tena."

Moja ku kumi. Nilicheka, mujinga mimi.

Éliakim, mukulima wa Kalunguta, aliandika: "Shimo haina kifuniko, mbuzi itaanguka. Mwenye shamba ni muvivu. Nilitaka kuijaza udongo, machine ikakatala." Papa Zorobabel, ancien, muzee wa kanisa yetu, alihubiria Kitu saa nzima. Aliandika: "Iko na moyo mugumu, mais tusikate tamaa. Nitarudi mardi." Na kweli jumanne alirudi, na Biblia. Roger, soda, askari wa Kinshasa mwenye banatuma ku vita ya Beni, aliandika: "Iko na macho elfu, mais hapana kuniomba carte ya kitambulisho, hapana kuniuliza natoka wapi. Ndeko, dada yangu, nilipumuzika sana." Akatoa alama tano ku tano.

Tano ku tano, ya kupumuzika! Nilitaka kula ile cahier.

Jeudi, kisha siku mbili, nilikuwa na bachezaji tisa, na bote tisa, hata Roger na alama zake tano, baliandika lawama moja: Kitu haina adabu. Kwetu hauwezi kufika pa mutu bila kusalimia, hata kama umekuja kugombana naye. Basi kila mutu akifika chini ya shimo, mbele ya kile kilikuwako mbele ya nyota, anaandika: "Nakusalimia." Na machine inajibu: "Sielewi." Hapo woga inaisha, kisirani inaanza. "Nani alilea huyu?" Éliakim aliandika, na akatia mustari chini.

Vendredi mangaribi, usiku moja tu umebakia, nikakubali makosa. Nilifuta ile "Sielewi," nikaenregistrer, nikahifadhi, na nilikuwa nataka kuandika jibu ya heshima pahali pake, courant ya umeme ikakatika. Ilirudi samedi saa tano asubui. Muchezaji wa kumi, tante yangu, shangazi Jokébed, alikuwa amekwisha kukaa ku kiti.

"Tante, ngoja kidogo nimalize kitu."

"Ngoja-ngoja inaumiza matumbo. Taxi ya Beni inaondoka." Na akaanza.

Tante anakaa Bungulu, kule Beni. Miaka yote ile mubaya ya vita hakuhama. Akisikia masasi ya bunduki, anafunga dirisha na anaendelea kuchambua maharagi. Niliangalia fotokopi yangu pale pembeni, nikaona inaningojea.

Alishuka mu shimo bila shida, akamukaripia mwenye shamba njia yote. Akafika chini. Akaandika na kidole moja: Wavukire. Ni salamu ya asubui ku luga ya kwetu.

Machine hapana kujibu. Hata "Sielewi" haikutoka, sababu niliifuta. Kamustari kadogo kalikuwa kanawaka na kuzimika tu.

Tante alifikiri haikusikia. Akasimama, sababu mukubwa banamusalimia wima, akainama akaandika tena: Wavukire. Kimya. Mara ya tatu alitia jina yake, jina ya baba yake, na kijiji kwenye babu yake alizikwa, ili ajulikane. Kimya.

"Hadassa," akasema polepole, "iko inaniona?"

"Ndiyo, tante. Inakuangalia."

"Inaniona na haiitike."

Akakaa. Akavuta cahier, akaandika: "Mwenye haitike salamu mara tatu, ao amekufa, ao ni mimi nilikufa na hakuna mutu aliniambia. Niliogopa."

Onésime alisoma mara mbili. Akatoa ufunguo wa salle ku musumari, akanipa.

Ningeruka, mais tante alikuwa hajatoka. Inje taxi ilikuwa inapiga honi. Yeye alizunguka chumba yote, akisalimia kila mutu na mukono: Onésime, wateja ya fotokopi, papa Zorobabel mwenye alikuja kumalizia mahubiri yake. Hata bale alikuwa amesalimia wakati wa kufika, alibasalimia tena. Na hakuachilia mukono ya mutu mbele hajamwitika.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilikuwa na ufunguo mu mukono moja, furaha imenijaa, na haya nayo imenijaa. Alishika ule mukono mwingine, akaniangalia mu macho.

"Wavu—"

Niliitika mbele hajamaliza.