Kikombe cha Maji ya Shaba

Chupa ilikuwa juu ya ukuta wa jikoni, juani, na ndani yake waya wa shaba umekunjwa kama utumbo wa kuku. Maji yalikuwa yamegeuka kijani. Nilimwuliza Régine, mke wa mwanangu, kama ni dawa ya kuua mende.

“Hapana, Tata. Iko ya mutoto. Ya kuongeza damu.”

Mtoto ni Chola, mjukuu wangu, ambaye bado anajifunza kutembea. Namwita bibi yangu, kama mababu wote wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike. Tangu mvua zianze, midomo na viganja vyake vilikuwa vimepauka. Kwenye dispanseri walimpa mama yake vidonge vya kuongeza damu, wakamwambia amrudishe apimwe. Hakumrudisha. Redio ilikuwa imemwonyesha njia fupi.

“Redio ilisema nini hasa?”

“Ilisema banasayansi ba Ulaya balivumbua shaba inatia batoto damu. Sitwayeni Mukuka alisema yeye mwenyewe, Jumapili. Alisema tunakalia dawa na hatujue. Mu mutaa yetu yote ya Hewa Bora sasa bamama banatafuta waya. Clotilde wa hapa pembeni ndiye alinifundisha kutia ndimu, sababu ndimu inatoa nguvu ya shaba mu waya.”

Ndimu! Katika mji huu hata watoto wanajua kwamba asidi inakula shaba. Baba zao hufanya hivyo kiwandani kila siku: wanamwaga asidi juu ya mawe, shaba inatoka. Na kile tulichojifunza kiwandani, wake zetu walikuwa wamekileta jikoni, wakakimimina kinywani mwa watoto.

“Na anatapika?”

“Anatapika. Clotilde anasema ni damu mubaya inatoka.”

Nilinyoosha mkono niimwage ile chupa. Régine aliishika kwa mikono miwili.

“Tata, weye si munganga. Ile maneno ni ya redio. Redio itadanganya bantu bote juu ya nini?”

Nilivaa kofia yangu nikaenda mtaa wa Makomeno.

Huyo Mukuka wa redio namjua tangu siku alipobatizwa Floribert. Serikali ilipokataza majina ya ubatizo na kuamuru watu waitane sitwayeni, yaani mwananchi, yeye alikuwa wa kwanza kulitupa lake. Nilisimama kwenye lango lake nikaliita kwa sauti, ili majirani wote walisikie.

“Floribert! Eh, Floribert!”

Alitoka mbio, kandambili miguuni.

“Tata Kunda, punguza sauti! Ni sitwayeni Mukuka.”

“Nionyeshe pahali ulisoma ile habari ya shaba.”

Aliniletea gazeti la Kifaransa kutoka Ulaya, akitabasamu kama anayempa mtoto kitu cha kuchezea. Kifaransa nilikisoma shule ya jioni, nikitoka kazini, nguo zikiwa bado na moshi. Nilikaa kwenye ngazi yake, nikasoma polepole kwa kidole, sikuruka mstari.

Walikuwa panya. Panya wachanga waliofungiwa vizimbani wakanyweshwa maziwa matupu, hadi damu ikawapungua kwa kukosa shaba. Waliporudishiwa chembe ndogo mno, damu ilirudi. Mwishoni mwandishi alisema wazi kwamba juu ya watoto hajui bado, na kwamba shaba ikizidi ni sumu.

“Panya wako wapi mu kipindi chako?”

“Tata, bantu banasikiliza redio saa ya kula. Nibaambie panya?”

“Na sumu?”

Alitazama barabarani kwanza. “Mukoa wetu wenyewe unaitwa Shaba. Ndiyo inalisha inchi. Mimi niseme ku redio kama shaba iko sumu? Unataka banifunge?”

Kama angekuwa hajui kusoma, ningemhurumia. Kama angesoma akakosea, ningekaa naye tusome tena. Lakini alikuwa amesoma hadi mwisho. Alichagua sentensi moja tamu akaitia sukari, na zile zingine, ambazo zingemlinda bibi yangu, aliziacha kwenye gazeti, kwa lugha ambayo Régine haisomi.

“Vaa viatu,” nilimwambia. “Utakuja kumwambia Régine mwenyewe. Ukikataa, ninabaki hapa nikiliita jina lako la ubatizo mpaka jua lizame.”

Alivaa suti yake ya abakosti na viatu, tukaenda kwa motokaa yake.

Régine alipoisikia ile sauti ya redio uani kwake, alifuta kiti kwa kitenge chake. Chola alikuwa amelala kwenye mkeka, macho nusu wazi. Floribert alikohoa.

“Mama, ile dawa… iko muzuri, lakini upunguze kidogo.”

Upunguze! Nilichukua kikombe cha Chola, nikakijaza kutoka kwenye ile chupa, nikampa kwa mikono miwili, kama tunavyompa mgeni.

“Karibu, sitwayeni. Kwetu mugeni hakatae kikombe.”

Alikitazama. Kipande cha ndimu kilielea juu.

“Tata, leo tumbo yangu haiko muzuri.”

Régine alimkazia macho.

“Hata ya mutoto wangu haiko muzuri,” alisema. “Kunywa.”

Floribert alikiweka kikombe chini.

Régine alimwaga chupa nzima penye ukuta, akamfunga Chola mgongoni, akaenda kuketi ndani ya motokaa kabla ya Floribert kuingia.

“Tupeleke ku dispanseri,” alisema. “Upesi.”

Walimlaza Chola. Alitundikiwa maji, kisha akarudishwa kwenye vile vidonge, na siku aliponivuta masharubu nilijua bibi yangu anarudi.

Jumapili iliyofuata tulimwita Clotilde, tukaketi watatu mbele ya redio. Floribert alisema kwa sauti yake nzuri juu ya faida za kupiga meno mswaki. Juu ya shaba, hata neno moja.

Régine alizima redio. Lile gazeti lilikuwa bado ndani ya koti langu, sikuwa nimemrudishia Floribert.

“Twende, Tata,” alisema. “Weye utabasomea bale bamama. Mimi nitabaambia vile mwenye redio alikataa kikombe.”

Clotilde alifunga kitenge chake vizuri akatufuata. Kwenye ua wa kwanza tulioingia, juu ya ukuta wa jikoni, kulikuwa na chupa mbili.